Nafula Kwenye Mengineyo

Ijumaa, 3 Oktoba

Hili ni daftari la OB, lile la kuandikia matukio ya getini. Stoo walikuwa wanalitupa likiwa na kurasa tupu nusu nzima. Kuanzia leo mimi, Laban, naandika maisha yangu humu. Mlinzi asiyelinda muda wake analinda nini?

Leo ilikuwa Ijumaa ya Nafula. Nafula ni mke wangu. Anafanya kazi ya nyumba Al Wakrah, analala hukohuko, na madam wake humpa ruhusa Ijumaa moja kila wiki mbili, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Masaa manne. Mimi ni mlinzi Lusail, nalala Najma. Tuko nchi moja hii ya Waarabu miaka minne na tunaonana kama watu wanaotembeleana hospitalini.

Na hayo masaa manne tumeyafanyia nini? Tumekaa ufuoni. Tumekula sambusa. Nafula akavua viatu, akatia miguu majini, kaa mdogo akampita kwenye vidole, akacheka mpaka akashika mbavu. Akataka nami nivue viatu tumtafute yule kaa. Saa nzima imeenda hivyo. Kaa!

Baadaye akasema jambo. Mkataba wake unaisha katikati ya Desemba. Madam anataka jibu asubuhi ya tarehe moja Novemba, si baadaye: anatia sahihi miaka miwili mingine, au anakwenda nyumbani. Nafula anataka twende. Wote wawili, kwa sababu zamu yangu ya likizo nayo ni Desemba. Daisy wetu ana miaka saba, yuko Webuye kwa mama mkwe. Tulimwacha akiwa na mitatu. Mimi nilienda kumwona mara moja. Nafula hata hiyo moja hajapata. Akasema tufike pamoja, mtoto atuone tukiwa wawili. Nikisema twende, tutaenda. Nikisema abaki, atabaki. Ila anataka alisikie kinywani mwangu.

Nikamwambia, Mama Daisy, jambo kubwa kama hilo haliamuliwi na watu wenye miguu yenye mchanga. Tutalikalia rasmi.

Dereva wa kwao akafika saa kumi na mbili kamili. Nafula akaondoka na viatu mkononi. Nimerudi na treni nikihesabu. Masaa manne mazima, na hakuna hata azimio moja.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimepata dawa. Kuna mshauri mmoja mtandaoni, jamaa wa suti ya buluu. Anasema saa ishirini na nne alizopewa tajiri ndizo alizopewa maskini. Ukiona mwenzako amekupita, ujue aligawa siku yake kwa robo saa, robo saa, wewe ukaila nzima kama ndizi.

Nimekaa na kalamu. Dyuti masaa kumi na mawili. Basi la kampuni, kwenda na kurudi na kungojea, matatu. Foleni ya choo, chumba cha watu sita, nusu saa. Kulala sita. Kilichobaki ni masaa mawili na nusu, yaani robo saa kumi. Kumi! Utajiri ulikuwa umelala chini ya godoro langu.

Malengo ni haya. La kwanza na kubwa: kuwa timu lida. Maurice aliyekuwa timu lida amerudi Uganda, kiti kiko wazi, intavyuu ni tarehe 27. Nilipotoka nyumbani niliwaambia watu naenda kuwa mkubwa wa usalama. Siwezi kurudi Desemba nikiwa bado nafungua geti. La pili: Kiarabu. La tatu: tumbo. La nne nimesahau, lakini nafasi yake ipo.

Ratiba nimeibandika ukutani. Juu yake nimeandika kwa wino mwekundu: CHELEWA CHELEWA UTAMKUTA MWANA SI WAKO. Inapendeza.

Ramadhani ameisoma yote akiwa amelala. Huyu ni Mtanga wa kitanda cha chini, na ndiye reliva wangu: mimi nikitoka getini saa kumi na mbili jioni, yeye ndiye anayenipokea. Hana ratiba. Hana hata saa ya mkononi. Akauliza robo saa ya kucheka iko wapi. Nikamwambia watu wa aina yake ndio wanaozeekea getini. Akasema inshallah, uzee nao ni riziki.

Kuchora ratiba kumekula masaa matatu. Yatarudi.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimefanya biashara ya akili.

Nilichogundua: basi linalomleta Ramadhani hufika Lusail saa kumi na moja na robo. Anakaa chumba cha walinzi akinywa karaki, ile chai ya maziwa ya huku, hadi saa kumi na mbili, kwa raha zake, wakati mimi nimesimama getini kama nguzo. Na sheria ni ile ile, hutoki mpaka reliva aingie. Sasa, je, akiingia saa kumi na moja na nusu? Napata nusu saa kila siku. Robo saa mbili! Za kusomea intavyuu!

Ramadhani akasema karaki yake ataiacha kwa sababu gani. Nikampa sababu. Yeye likizo yake ni Juni, mimi ni Desemba. Ana mchumba Tanga, Nasra, na wazee wa Nasra wamechoka kusubiri. Nikamwambia chukua Desemba yangu, nipe Juni yako, na nusu saa yangu kila jioni mpaka mwisho wa mwezi.

Akanitazama. Akaniuliza kama nimemwuliza shemeji. Nikamwambia nikishakuwa timu lida likizo nitajipangia mwenyewe. Timu lida hangojei orodha, orodha inamngoja yeye. Hiyo Desemba ninayompa ni ya Laban wa zamani.

Tukaenda kwa Mutai, supavaiza wetu, Mkalenjin asiyecheka. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Akapiga muhuri. Ramadhani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. Watu wengine unawapunja na bado wanakushukuru.

Nafula nitamweleza kikaoni, kwa mpangilio.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ramadhani alinipokea saa kumi na moja na nusu, kama tulivyokubaliana. Nikakimbia kwenye basi na kitabu mkononi.

Basi haliondoki mpaka walinzi wote wa jengo wapokelewe. Hao wengine hupokelewa saa kumi na mbili. Linatoka saa kumi na mbili na dakika ishirini, kama lilivyotoka jana, kama litakavyotoka siku ya kiyama. Miaka minne napanda basi hilo!

Nikakaa ndani peke yangu. Nikajaribu kusoma. Dereva akazima injini, AC nayo ikafa. Joto la Oktoba likaja likakaa nami kiti kimoja. Nilisoma ukurasa mmoja mara sita, jasho likadondokea kwenye neno "uokoaji".

Nimempigia Nafula dakika tatu. Aliuliza kama nimefikiria. Nikamwambia nafikiria kwa ratiba.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mshauri wa suti ya buluu anasema ishi dakika ishirini mbele ya wenzako. Nikaisogeza saa ya ukutani dakika ishirini. Nikasogeza na ya simu yangu. Kisha, kwa kuwa ukarimu ni ibada, nikamsogezea Oloo ya kwake akiwa bafuni. Oloo ni Mjaluo wa kitanda cha dirishani, tunafanya naye jengo moja, yeye geti la mizigo.

Oloo akaamka akaona ya ukutani. Akakumbuka kuwa ile ya ukutani huchelewa dakika kumi, kwa hiyo akajiongezea. Akapiga kelele kuwa basi limetuacha. Chumba kizima tukashuka mbio, mmoja na kiatu kimoja, tukasimama barabarani Najma saa kumi kasorobo alfajiri, hakuna basi, hakuna mtu, paka tu. Tulisimama dakika arobaini na tano, kwa sababu siku hiyo hata basi lilichelewa.

Hawasemi nami. Mtu amenimwagia maji kwenye kitanda na ninamjua.

Ila kwa upande mwingine, dakika arobaini na tano za kusimama nimezihesabu kwenye lengo la tumbo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo nimejiandaa. Nyumbani nilikuwa katibu wa chama cha vijana miaka mitano, najua kikao. Nikaandika ajenda, nikaenda kuichapisha duka la fotokopi hapa Najma, nakala mbili, yangu na ya Nafula.

1. Maombi na salamu (dakika kumi).
2. Kumbukumbu za kikao kilichopita (dakika thelathini).
3. Yatokanayo (dakika ishirini).
4. Malengo ya Laban (saa moja na robo).
5. Chakula (robo saa).
6. Mkataba wa Nafula (saa moja).
7. Mengineyo.

Nafula alikuja na kitenge kile cha njano. Alikuwa amesuka. Nikampa nakala yake. Akaisoma. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu. Akasema, Baba Daisy, nina kitu nataka kukuambia kuhusu Daisy, nimekibeba tangu Jumapili, naomba nikiseme kwanza. Nikamwambia hakuna shida kabisa, kitaingia kwenye Mengineyo.

Maombi yalikwenda vizuri. Kumbukumbu zikaleta ubishi. Nilikuwa nimeandika kuwa kikao kilichopita kilipoteza saa moja kwa sababu ya kaa, naye akataka neno "kilipoteza" litolewe. Nikakataa. Malengo yangu yalichukua muda kuliko nilivyokadiria kwa sababu nilimwonyesha ratiba kwenye simu, robo saa kwa robo saa. Aliangalia bahari muda mwingi. Chakula kikacheleweshwa na mwenye sambusa. Tumefungua ajenda ya sita, nimekohoa, nimesema sasa tuje kwenye mkataba, dereva akapiga honi.

Saa kumi na mbili. Ai!

Nafula akasimama. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Akakunja ile nakala mara nne, akaitia kwenye pochi, akasema asante kwa kikao. Nilitaka kumkimbilia. Lakini gari lilikuwa limeshageuza.

Habari ya Desemba kwa Ramadhani haikupata nafasi. Ilikuwa chini ya ajenda ya sita.

Kumbukumbu: Nafula alikuwa na la kusema. Limesogezwa hadi tarehe 31.

Jumapili, 19 Oktoba

Ujumbe kutoka kwa Nafula: nijibu neno moja tu, twende au nibaki.

Nimejibu kuwa ndoa haiendeshwi kwa ujumbe wa simu, tutalikalia tarehe 31, na safari hii ajenda yake nimeipandisha hadi nambari tano.

Ameusoma. Alama mbili za buluu tu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimepunguza usingizi hadi masaa manne na nusu ili nipate robo saa sita zaidi. Leo nimelala nimesimama, getini, macho wazi. Gari jeupe likapiga honi nikaliambia kwa Kiarabu maneno yote niliyojifunza tangu mwezi uanze: salaam aleikum, kushoto, kulia, kizima moto, mamangu mgonjwa. Mwenye gari akaniuliza kama niko sawa. Akanipa chupa ya maji.

Nimemwota Daisy. Alikuwa amesimama upande wa pili wa geti na mimi sina kadi ya kufungulia.

Jumatatu, 27 Oktoba

Intavyuu. Mudiri mkuu, bosi wa kampuni, mezani, Mutai pembeni, mimi nimenyoa mpaka ngozi inaimba.

Swali la kwanza: moto ukizuka ghorofa ya tisa utafanya nini. Ya Rabi! Sura ya moto nilikuwa nimeipangia Jumanne. Kesho! Ratiba iko wazi, mtu yeyote aje aisome ukutani. Nikamwambia mudiri kwa heshima kuwa kuhusu moto niko tayari kuanzia kesho jioni. Akaandika kitu kirefu.

Kisha akauliza naupangaje muda wangu. Hapo nikafunguka! Nikatoa ratiba. Nikaeleza robo saa, nikaeleza nusu saa ya jioni, nikaeleza suti ya buluu. Dakika kumi na tano nilizopewa zikaisha bado niko Jumatano. Mutai alikuwa ameshika paji la uso. Nadhani ni kuguswa.

Ramadhani naye aliingia. Hakuwa amesoma hata mstari. Nikamwuliza aliulizwa nini kuhusu moto. Akasema alisimulia tu ile siku sufuria ya Oloo ilipowaka hapa chumbani, alivyoifunika kwa taulo lenye maji, akatutoa mmoja mmoja akituhesabu. Masikini. Hadithi za jikoni mbele ya mudiri.

Nina uhakika asilimia tisini.

Alhamisi, 30 Oktoba

Majibu bado. Lakini nimegundua asilimia kumi iliyobaki iko wapi: kuonekana. Mudiri hukagua majengo Ijumaa, na Ijumaa mimi huwa mapumzikoni, geti langu linashikwa na Ramadhani. Yaani siku pekee ambayo mudiri anatazama, anamwona Ramadhani!

Mpango: kesho nashika mimi, asubuhi hadi saa saba. Mudiri anaonekana kwa kawaida saa nne. Ramadhani anaswali kwa utulivu, ananipokea saa saba, natembea hadi stesheni, treni, saa nane na dakika chache niko Al Wakrah na Nafula. Nimeacha hata robo saa ya dharura. Ajenda nimeshaichapisha. Mkataba ni nambari tano.

Nimemweleza Ramadhani. Akasema bwana wee, hiyo Ijumaa ni ya shemeji, usiichezee, mtaka yote hukosa yote. Nikamwambia aniachie methali, aje saa saba. Akasema atakuja, inshallah, isipokuwa Mutai amtume mahali. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusema kitu. Sikuwa na robo saa ya kukisikiliza.

Ijumaa, 31 Oktoba

Naandika kwenye basi.

Saa nne mudiri hakuja. Saa tano hakuja. Adhana, sala, jua, geti. Simu iko kwenye loka kwa sababu mlinzi wa mfano hashiki simu akiwa getini.

Saa saba Mutai akaita kwenye redio. Reliva wangu amechukuliwa kwa kazi na mudiri, atachelewa. Akauliza: Laban, una shida kubaki hapo hadi jioni? Kama una shida sema, nitamtafuta mtu mwingine.

Nikajibu upesi sana. Hakuna shida, sir.

Niliyasikia maneno hayo yakitoka. Sauti ilikuwa ya timu lida kabisa.

Saa nane Oloo akaja kutoka geti la mizigo. Akasema, bro, Ijumaa hakuna mizigo, nenda ukamwone Mama Daisy, nitashika geti zote mbili. Nikamwambia timu lida haachi geti. Akasema wewe si timu lida. Nikamwambia bado. Saa tisa akarudi akasema yuko peke yake huko, Laban, treni ni dakika hamsini, utampata angalau masaa mawili. Nikamwambia Mama Daisy ni mwelewa.

Saa kumi na robo gari la mudiri likaja! Vioo vyeusi, taratibu, likasimama mbele yangu. Nikapiga saluti ya mwaka. Visigino vikalia. Nikaishikilia mpaka likapita. Alikuwa ndani, najua aliniona.

Jioni nikafungua loka. Simu kumi na moja ambazo sikuzipokea. Picha moja: sahani mbili za sambusa kwenye ukuta wa ufuoni, moja imeguswa. Na ujumbe wa saa kumi na mbili. Dereva amefika. Usiku mwema, Baba Daisy.

Nimepiga, haipokelewi. Masaa manne alikaa pale peke yake. Sijui nifanye nini na mikono yangu.

Jumamosi, 1 Novemba

Nafula amepiga saa moja asubuhi, niko getini. Nilikuwa na simu mfukoni. Mlinzi wa mfano na afe.

Ameshamjibu madam. Anakwenda nyumbani tarehe 12 Desemba. Alisema hakutaka kunikasirikia, kwa hiyo alingoja mpaka asubuhi, na asubuhi aliamka hana hasira, ana usingizi tu. Akasema jana nilipokosa kufika alifikiri hilo ndilo jibu langu.

Nikamwuliza kile alichotaka kusema kwenye Mengineyo. Akasema Jumapili ile alipompigia Daisy, mtoto alipokea mwenyewe, akasikia akimwambia bibi yake: Mama, njoo, ni ile auntie ya simu.

Magari matatu yalipiga honi. Sikufungua.

Nikamwambia nakuja. Desemba, tutafika pamoja, nakuja, Mama Daisy, nimesema kwa kinywa changu sasa. Akalia kidogo, kwa mara ya kwanza. Akasema kweli? Nikasema kweli.

Jumapili, 2 Novemba

Nimemwambia Ramadhani anirudishie Desemba yangu.

Ramadhani akakaa kitandani, akanieleza. Nasra ameshatangaziwa ndoa. Kadi zimesambazwa Tanga nzima, mjomba amekwisha nunua mbuzi, tiketi hairudishwi. Akasema ndugu yangu, nilikuuliza. Nilikuuliza kuhusu shemeji. Kisha akasema kingine, akiangalia miguu yake: wamempa yeye utimu lida. Alijua tangu Jumatano, akakosa namna ya kuniambia. Ijumaa mudiri alimzungusha kwenye majengo yote atakayosimamia. Yeye ndiye aliyekuwa kiti cha nyuma wakati nilipopiga saluti. Akasema alinipungia mkono, lakini vioo vilikuwa vyeusi.

Nilitaka kumchukia. Amenipikia wali. Nikaula.

Nilienda kwa Mutai. Orodha ya Desemba imejaa na kupigwa muhuri, wangu ni Juni. Akasema alichoniuliza kwenye redio aliniuliza kwa makusudi, alijua Ijumaa ni siku ya mke wangu. Alitaka niseme nina shida.

Nimempigia Nafula nikamweleza yote: nusu saa, basi, likizo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza tu, uliuza Desemba kwa kukaa ndani ya basi lililozimwa? Nikasema ndiyo. Akasema sawa.

Tangu jana sijui kulala. Nasema wazi kwa sababu ni daftari langu: nina haya, na ninamwogopa mtoto wa miaka saba.

Ijumaa, 12 Desemba

Nafula ameondoka.

Nilifika uwanja wa ndege masaa matatu kabla yake, kwa hiyo nisisemwe kuhusu muda. Dereva alimshusha na masanduku mawili na mwanasesere mkubwa kwenye plastiki. Alikuwa amevaa kitenge cha njano. Tulipata dakika arobaini. Sikuwa na karatasi. Nilishika mkono wake, na nadhani hizo ndizo dakika arobaini nzuri kuliko zote za mwaka huu, ingawa sijui zingeingia kwenye lengo gani.

Aliomba kitu kimoja. Kila Ijumaa saa nane nipige simu nyumbani, nizungumze naye na Daisy. Nizungumze tu, Baba Daisy. Mtoto aizoee sauti yako. Bila karatasi. Nikamwahidi. Akaenda. Aligeuka mara mbili, ya pili nilikuwa sioni vizuri.

Jioni chumba kimya. Kitanda cha chini kitupu, Ramadhani yuko Tanga anavishwa kilemba. Nimekaa mbele ya ratiba.

Halafu nikaona kitu. Ijumaa, saa nane hadi saa kumi na mbili: wazi! Masaa manne! Robo saa kumi na sita, na sikuziona kwa sababu ya huzuni! Nikachukua kalamu. Tumbo limepata mbili. Kiarabu kimepata nne. Intavyuu ya mwakani imepata saba, na sura ya moto nimeiweka siku ya kwanza kabisa, mimi si mjinga. Ile methali ya wino mwekundu nimeifuta, ilikuwa inakula nafasi.

Zimebaki robo saa tatu za simu ya nyumbani. Nimemtumia Nafula ajenda mapema ili ajiandae. Maombi, kumbukumbu za uwanja wa ndege, yatokanayo, malengo yangu ya mwaka mpya. Daisy nimemweka kwenye Mengineyo.